Nilipopata 38: Kwa Wanaoanza Uuguzi na kwa Wazazi Wao

Jumapili moja ya Januari nilikuwa nakaanga mihogo simu ikaita. Alikuwa binti wa rafiki yangu, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uuguzi hapa Birmingham. Nitamwita Rehema, ingawa si jina lake. "Shikamoo anti," akasema, kisha akanyamaza. Nikaitikia marahaba, nikazima jiko. Mtoto wa miaka kumi na tisa hapigi simu Jumapili asubuhi kwa ajili ya salamu tu.

Alikuwa amepata 58 katika insha yake ya kwanza ya chuo. Mama yake alimuuliza, "Hamsini na nane kwa ngapi?" Alipoambiwa ni kwa mia, mama akasema, "Kwa hiyo arobaini na mbili nzima umezitupa wapi?" Tangu siku hiyo hawakuwa wakizungumza vizuri. Rehema akaniambia, "Anti, nafikiri uuguzi si wangu. Bora niache mapema kabla sijafeli kabisa."

Nilimwambia apande basi aje tule mihogo. Alipofika nilimweleza jambo ambalo kwa muda mrefu walilijua watu wawili tu, mume wangu na mama yangu: alama yangu ya kwanza katika chuo cha Uingereza ilikuwa 38. Kufaulu kulianzia 40.

Naandika haya kwa sababu najua akina Rehema ni wengi, na akina mama Rehema pia. Mimi nimekaa pande zote mbili za meza hiyo.

Mwanafunzi bora wa darasa

Nilisoma diploma ya uuguzi na ukunga katika chuo kimoja mkoani Tanga. Sikuwa mtu wa kupata sapu. Nilikuwa yule ambaye wenzake wanamfuata usiku wa mtihani kuomba desa, kwa sababu madesa yangu yalikuwa yamepangwa vizuri na niliyajua kwa kichwa. Tukiulizwa dalili za kifafa cha mimba, naziandika zote kwa mpangilio ule ule wa mwalimu. Neno kudisko nililisikia kwa wengine tu.

Mwaka 2014 nilimfuata mume wangu Birmingham. Nilikuwa sijafanya kazi ya kutosha baada ya kuhitimu, na Kiingereza changu cha kuandika kiligoma kufika alama iliyotakiwa, kwa hiyo njia ya kusajiliwa moja kwa moja kama muuguzi kutoka nje ilinishinda. Siku hizi wengi wenye diploma wanapita njia hiyo, kwa mtihani wa kompyuta na ule wa vitendo unaoitwa OSCE, na wanafanikiwa. Mimi nilifanya kazi ya kuwahudumia wazee kwa miaka kadhaa, nikasoma mwaka mmoja wa maandalizi chuo cha watu wazima, na Septemba 2018 nikaanza shahada ya uuguzi kutoka mwaka wa kwanza, na watoto waliomaliza shule mwaka huo huo.

Ada ilikuwa £9,250 kwa mwaka, na yote ilikuwa mkopo. Ruzuku ya zamani ya wanafunzi wa uuguzi ilikuwa imeshaondolewa kwa waliokuwa wakianza, na hii ya sasa ya £5,000 kwa mwaka ilianza baadaye, Septemba 2020. Mume wangu alikuwa anafanya kazi ghalani zamu ya usiku ili mimi nikae darasani mchana. Binti yetu alikuwa na miaka mitatu. Kwa hiyo 38 haikuwa namba tu. Niliona deni, nikaona usiku wa mume wangu, nikaona na uongo: labda hata diploma yangu ilikuwa ya kukariri tu.

Sikumwambia mtu. Mama alipopiga simu kutoka Korogwe akauliza, "Majibu yametoka?" nikamjibu, "Yametoka mama, nimefaulu." Mume wangu nilimwambia bado hayajatoka. Nilikaa na uongo huo wiki mbili. Nilikuwa napanda basi la namba 11, lile lililokuwa likizunguka jiji, nakaa ghorofa ya juu, napita kituo changu makusudi ili nisifike nyumbani mapema.

Nilikosea nini?

Maoni ya msahihishaji yalikuwa mafupi. Alisema nimeeleza vizuri lakini sijachambua, na kwamba haoni mahali popote ambapo mimi nipo.

Insha ilihusu mawasiliano na mgonjwa. Tuliambiwa tuchague tukio moja la wodini na tulitafakari kwa kufuata mzunguko wa Gibbs. Huo ni mpangilio wa hatua sita uliotolewa na Graham Gibbs mwaka 1988: nini kilitokea, ulihisi nini, kipi kilikwenda vizuri na kipi vibaya, kwa nini, umejifunza nini, na safari nyingine utafanya nini. Mimi niliandika maneno 1,500 ya kanuni za mawasiliano bora, moja baada ya nyingine, kama madesa yangu ya Tanga. Kuhusu mgonjwa niliandika sentensi tatu. Kuhusu nilivyohisi sikuandika neno, kwa sababu nilikotoka mwanafunzi haandiki "nilihisi" kwenye mtihani. Nani kakuuliza?

Ukweli ni kwamba nilikuwa na tukio, ila niliona aibu kuliandika. Katika mafunzo yangu ya kwanza ya wodini nilipewa mzee mmoja nimsaidie kuoga. Nilikwenda na beseni, nikavuta pazia, nikamwambia kwa haraka kwamba nimekuja kumwogesha. Akasema hapana. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi, nikidhani hasikii. Akaniambia yeye si kiziwi, na kwamba niondoke. Niliondoka nimekasirika. Moyoni nilisema mzee huyu ananidharau kwa lafudhi yangu.

Niliporudia insha niliandika hilo. Niliandika kwamba katika hospitali nilizofundishiwa nyumbani, wanaoogesha na kulisha wagonjwa mara nyingi ni ndugu zao, na muuguzi mmoja ana wodi nzima. Sikuwahi kufundishwa kwa vitendo kumuuliza mtu mzima kama anataka kuoga sasa au baada ya chai. Niliandika kwamba nilisimama juu yake badala ya kukaa. Niliandika kwamba hasira yangu ilinizuia kuona kuwa mzee yule alikuwa amebakiwa na uamuzi mmoja tu siku nzima, nao ni nani amvue nguo na saa ngapi. Halafu nikatafuta maandiko yanayozungumzia ridhaa na heshima ya mgonjwa, nikayaweka pale yanapohusika, si kama pambo.

Ile ndiyo ilikuwa insha yangu ya kwanza ya kweli. Nilipewa 40, kwa sababu kazi ya kurudia kwa kawaida haipewi zaidi ya alama ya kufaulu hata ikiwa nzuri. Lakini msahihishaji aliandika kwamba isingekuwa ya kurudia ingefika sitini na kitu. Nililia kwa 40 ile kuliko nilivyolia kwa 38.

Wazazi, alama za huku zina hesabu yake

Nirudi kwa mama Rehema, ambaye ni rafiki yangu na tumeelewana. Wazazi wengi tuliosoma Afrika Mashariki tunapima alama za watoto kwa rula ya nyumbani. Darasani kwetu ukipata 58 unaficha karatasi. Katika vyuo vikuu vya Uingereza, 40 ni kufaulu, 50 hadi 59 ni daraja la pili la chini, 60 hadi 69 ni daraja la pili la juu, na kuanzia 70 ni daraja la kwanza. Insha ya 80 ni adimu. Mtoto aliyepata 58 katika insha ya kwanza ya maisha yake chuoni hajatupa arobaini na mbili popote. Amebakisha alama mbili tu kuingia daraja ambalo wengi wanalitafuta mpaka mwaka wa tatu.

Jambo la pili ni kwamba katika vyuo vingi alama za mwaka wa kwanza haziingii kwenye daraja la mwisho. Lazima ufaulu ili uendelee, lakini mwaka huo umewekwa ili mwanafunzi ajifunze kukosea mahali pasipomgharimu sana. Mwongozo wa kozi unaeleza utaratibu wa chuo husika, pamoja na idadi ya mara unazoruhusiwa kurudia. Usome mapema, ukiwa bado umetulia.

La tatu, uuguzi haupimwi kwa insha peke yake. Kanuni za Baraza la Uuguzi na Ukunga la Uingereza, NMC, zinataka shahada iwe na saa zisizopungua 4,600, nusu nadharia na nusu vitendo. Mtoto anayeamka saa kumi na moja alfajiri ya baridi akarudi saa tatu usiku baada ya zamu ya saa kumi na mbili na nusu, anasoma. Msimwambie "leo hukushika kitabu."

Hesabu za dawa: hapa hakuna 40

Kuna mahali pamoja ambapo 58 haitoshi. Kabla ya kusajiliwa, mwanafunzi wa uuguzi lazima afaulu mtihani wa hesabu za dawa kwa asilimia 100. NMC ndiyo inayotaka hivyo, na ina haki. Mgonjwa hapewi asilimia 58 ya dozi sahihi.

Hapo ndipo nilipopata pumzi. Nyumbani tulikuwa hatuna mashine za kuendesha dripu, tulihesabu matone kwa saa ya mkononi. Ukiambiwa lita moja iingie kwa saa nane, na mrija unatoa matone 20 kwa kila mililita, unazidisha 1,000 kwa 20, unapata matone 20,000. Saa nane ni dakika 480. Gawanya, unapata 41 na ushei, yaani matone 42 kwa dakika. Nililifanya hilo mara nyingi, usiku, kwa mwanga wa simu. Wenzangu wa Birmingham walikuwa wakiliona kwenye karatasi kwa mara ya kwanza.

Ile ya sindano nayo ni hivi: unachotaka, gawanya kwa ulichonacho, zidisha kwa ujazo wake. Daktari kaandika miligramu 75, chupa ina miligramu 100 katika mililita 2. Sabini na tano gawanya kwa mia, zidisha kwa mbili: mililita 1.5. Kabla ya kukokotoa, kadiria. Robo tatu ya chupa lazima iwe chini ya mililita 2. Jibu likija 15, jua umekosea nukta, na nukta inaua.

Tukaunda kundi la watu watatu: mimi, dada mmoja Msomali aliyekulia Mombasa, na kijana Mwingereza wa hapa hapa. Tulikutana Maktaba ya Birmingham, pale Centenary Square, kila Jumatano. Mimi niliwafundisha hesabu. Kijana alinionyesha namna ya kuweka marejeo na kuandika aya inayoanza na hoja. Dada wa Mombasa alikuwa hodari wa kutafuta makala, na tulipochoka Kiingereza tulihamia Kiswahili, yule kijana akabaki akitabasamu. Pale niligundua kwamba diploma yangu haikuwa uongo. Ilikuwa nusu ya kazi, na nusu nyingine nilikuja kuifuata huku.

Tabia zilizonisaidia

Haya nilimwandikia Rehema kwenye karatasi, nayaweka hapa kama yalivyo.

Anza na vigezo vya kusahihishia. Kila insha inakuja na jedwali linaloonyesha alama zinatolewa kwa nini. Mimi la kwanza sikulifungua. Siku hizi ningelibandika ukutani kabla ya kuandika neno la kwanza.

Andika rejeo wakati ule ule unaposoma. Ukisema utalitafuta baadaye, utalitafuta saa nane usiku siku ya mwisho na hutalipata. Na maneno ya mtu mwingine yaweke kwa maneno yako na umtaje. Kule kwetu kumnukuu mwalimu neno kwa neno ni kumheshimu. Huku bila kumtaja ni wizi, na chuo kina programu ya kuukamata.

Baada ya kila zamu, andika mistari kumi. Kilichotokea, kilichokushangaza, usichokielewa. Usiandike jina la mgonjwa, wodi wala hospitali, hata kwenye daftari lako. Katika kozi nyingi kutaja jina ndani ya insha kunaweza kukufelisha peke yake, hata kama mengine yote ni mazuri. Mistari hiyo kumi ndiyo itakuwa insha zako.

Fanya hesabu tano kila siku, si hamsini usiku mmoja. Mimi nilifanya zangu nikisubiri maji ya ugali yachemke.

Eleza somo kwa Kiswahili. Nilimweleza mume wangu kazi ya figo kabla hajaenda kazini, yeye akifunga kamba za viatu. Nikikwama, najua sijaelewa, nilikuwa nimekariri Kiingereza tu. Ukiweza kumweleza shangazi yako kwa nini moyo ukichoka miguu inavimba, mtihani hautakutisha.

Lala. Baada ya zamu ya usiku usijidanganye na kitabu. Utasoma ukurasa mmoja mara nne.

Omba msaada kabla, si baada. Mwalimu mlezi yupo, watu wa maktaba wanaofundisha kuandika wapo, na utaratibu wa kuomba kuongezewa muda ukiuguliwa au kufiwa upo. Tumelelewa kuvumilia na kutosumbua watu. Lakini ombi la siku tatu kabla linaitwa mpango, na la siku tatu baada linaitwa udhuru.

Na la mwisho: mwambie mtu mmoja ukweli.

Simu ya saa tisa usiku

Mume wangu niliyemficha alijua mwenyewe. Alirudi alfajiri akanikuta nimelala mezani, kompyuta iko wazi, 38 iko kwenye kioo. Aliniamsha akaniuliza, "Hii ndiyo inakufanya ushuke vituo vya mbali?" Kumbe aliwahi kuniona kutoka dirishani nikirudi kwa miguu upande usio wa kituo chetu. Hakusema la ziada. Alichukua beseni la vyombo akaosha.

Mama nilimpigia siku hiyo hiyo. Nilitegemea aniulize nilimdanganyaje. Akauliza, "Unarudia tarehe ngapi?" Nikamtajia siku ya mwisho ya kuwasilisha, mwanzoni mwa Machi. Nilijaribu kumweleza kwamba si mtihani wa kukaa chumbani, ni kazi ya kutuma kwa mtandao. Hakunisikiliza. Siku hiyo ilipofika alinipigia saa kumi na mbili asubuhi ya Korogwe kunitakia heri, ambayo Birmingham ni saa tisa usiku. Aliamsha nyumba nzima. Mtoto alilia mpaka kumekucha. Nilituma insha nikiwa na usingizi, na sijawahi kutuma kazi nikiwa na moyo mwepesi kama siku ile.

Nilimaliza mwaka 2021 kwa daraja la pili la juu. Katika usaili wangu wa kwanza hakuna aliyeniuliza kuhusu 38. Waliniuliza nifanye nini mgonjwa akikataa kuhudumiwa, na nikawa na jibu. Simaanishi kwamba alama hazina maana. Anayetaka kusoma shahada ya uzamili atazihitaji, na anayeshindwa kila somo anapaswa kukaa na mwalimu wake wazungumze kwa uwazi. Lakini alama ya kwanza inakuonyesha ulipoanzia. Haijasema bado utafika wapi.

Rehema hakuacha. Jioni ile nilimrudisha kwao mwenyewe, nikakaa na mama yake jikoni, nikamweleza madaraja ya alama kama nilivyoyaeleza hapa, pamoja na 38 yangu. Mama alikaa kimya, kisha akasema, "Wewe? Na sista wote huu?" Tukacheka. Halafu akageuka akamwita binti yake aje ale, kwa jina la utotoni ambalo Rehema anasema hakuwa amelisikia tangu majibu yatoke.

Insha yake ya pili anaiwasilisha mwezi ujao. Jumatano hii anakuja kwangu tufanye hesabu za matone. Nimemwambia aje na saa yenye mshale wa sekunde.